Umecheza Lile la Lini?

Mimi na shemeji yangu tulinuniana karibu wiki mbili kwa sababu ya gemu. Watu wazima, wote tuna watoto. Yeye yuko Dar, Sinza; mimi niko huku Mtwara. Ugomvi ulianza kwa simu, katikati ya kuulizana hali ya mama yake, ambaye ni mama mkwe wangu. Akasema siku hizi halali mapema, kuna gemu la kuzurura mjini na magari amelianza kwenye kompyuta yake, na hajawahi kuona kitu kilichotulia kama kile. Nikamwambia, shem, lile gemu ni takataka. Akacheka. Nikarudia. Akaniuliza kama nimelicheza kweli au nimesimuliwa. Hapo ndipo niliponuna.

Jina la gemu silitaji. Nina kinyongo nalo, na mwenye kinyongo si shahidi wa kuaminika. Ila kulicheza nililicheza. Diski niliinunua mwanzoni mwa 2024 kwa kijana mmoja wa mjini hapa anayeuza mitumba ya PS4, ile mashine ya gemu ya Sony: pedi zilizobadilishwa mpira, nyaya, makasha yaliyopasuka kona. Nikaipachika usiku huohuo. Mashine ikaniambia kuna apdeti, yaani marekebisho ya kushusha mtandaoni, ya GB 40 na ushee. Nikaangalia bando langu, GB moja na nusu, nikabonyeza kitufe cha kukataa, nikaendelea.

Saa mbili za kwanza zilikuwa tamu. Kisha nikafika kwenye daraja. Ndani ya gemu kuna daraja refu la kuingilia mjini, na misheni ya nne au ya tano inakutaka ulivuke na gari huku unafukuzwa. Katikati ya daraja gari langu likaanza kuzama kwenye lami, taratibu, kama mtumbwi uliotoboka. Kwanza matairi, kisha milango, kisha paa. Nikabaki naitazama bahari ya kijivu isiyo na chini. Nikaanza upya. Likazama. Mara ya tatu nikapita, nikafurahi, picha ikaganda nilipofika ng'ambo na mashine ikajizima. Nililiacha gemu hapo. Kwangu kesi ilikuwa imefungwa.

Shemeji alikuwa anacheza gemu hilohilo, jina lilelile, picha ileile kwenye kasha, na darajani alikuwa anapita anapiga honi. Ilinichukua muda kuelewa kwamba hatukuwa tunabishana juu ya kitu kimoja.

Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya gemu tuna tatizo hapa, kwa sababu tulizoea kitu kingine. PS2, mashine ya enzi zetu, haikuja na diski kuu ya kuhifadhia ndani yake. Gemu lilichapwa kwenye sidii, na lilivyochapwa ndivyo lilivyobaki mpaka sidii ikwaruzike. Kasoro ilikuwa sehemu ya gemu kama pua ilivyo sehemu ya uso. Banda nililolelewa mimi lilikuwa Magomeni, bati juu, magunia ubavuni, televisheni mbili za kichogo. Mfalme wa pale alikuwa PES 6, gemu la mpira la Konami wa Japani, ile ya 2006, na ndani yake kulikuwa na Adriano wa Inter Milan, aliyepewa nguvu ya shuti 99. Ukimpa mpira mguu wa kushoto, mita thelathini, kipa anaruka kwa heshima tu.

Leo mchezaji wa namna hiyo angepunguzwa baada ya wiki mbili. Mtu angekaa ofisini kwake Tokyo, angeshusha 99 hadi 91, na sote tungeamka asubuhi tumkute amelegea. Sisi hatukuwa na mtu wa Tokyo. Tulikuwa na mwenye banda, tuliyemwita Bosi, na Bosi alikuwa na karatasi iliyobandikwa ukutani kwa gundi ya ugali: ANAYECHUKUA INTER ADRIANO HAPIGI NJE YA KUMI NA NANE. Chini yake: GOLI LIKIINGIA HALIHESABIWI. Ndiyo ilikuwa apdeti yetu. Iliandikwa kwa kalamu ya wino, ikasimamiwa kwa makofi, na ilibadilika pale tu watu walipolalamika vya kutosha. Mara moja ilibadilishwa kwa sababu mdogo wake Bosi alikuwa anaipenda Inter.

Kulikuwa pia na sidii za pachi, yaani kiraka, zile zilizofunguliwa na mafundi wasiojulikana wakatia timu za nyumbani. Tulikuwa nayo moja yenye jezi nyekundu ya Simba na ya kijani na njano ya Yanga, majina ya wachezaji yamekosewa herufi, nahodha mmoja amepewa sura ya mzungu. Hatukujali. Ile pachi ilitufanya tuipende PES kuliko waliyoitengeneza wenyewe walivyokusudia. (Kiraka kwenye suruali ni aibu, lakini kwenye mpira mtangazaji akisema huyu ni mchezaji kiraka anamsifia. Neno lilelile.)

Mambo yalibadilika mashine zilipopata diski kuu na intaneti. Mtengenezaji sasa anapeleka kazi yake kiwandani ikachapwe kwenye diski, kisha wiki zile za kusubiri chapa na usafiri anaendelea kurekebisha, na siku ya kuuza anatoa apdeti ya siku ya kwanza. Kwa hiyo kilichomo kwenye diski ni gemu la wiki kadhaa zilizopita. Mwenye faiba nyumbani, ile intaneti ya kasi ya waya, hajui hata kama kuna tofauti. Anaweka diski, anaenda kuchemsha chai, akirudi gemu limeshavaa viatu. Mwenye bando la wiki ndiye anayekutana na kile kilichochapwa.

Baba yake mpwa wangu ni mkulima wa korosho kule Tandahimba. Nilipomweleza biashara hii alicheka mpaka akakaa chini. Kwake yeye mkulima anapeleka mzigo ghalani, unapimwa, anapewa stakabadhi, kisha anasubiri mnada ndipo aone pesa. Miaka yote amekuwa akilalamika kwamba anatoa mali leo na kulipwa baadaye. "Kumbe nyie mnafanya kinyume," akasema. "Mnalipa leo, mali mnaletewa baadaye kwa vipande. Na bado mnajiita wajanja wa mjini."

Mfano wa hayo unaojulikana zaidi duniani ni No Man's Sky. Lilitoka Agosti 2016, kazi ya Hello Games, kampuni ndogo ya Guildford, Uingereza, chini ya Sean Murray. Watu waliahidiwa ulimwengu wenye sayari zisizohesabika, na wengi waliamini kwamba humo wataweza kukutana. Siku za mwanzo kabisa wachezaji wawili wakapanga kukutana sayari moja, mahali palepale, wakafika, kila mmoja akasimama peke yake. Hakuna aliyemwona mwenzake. Hasira iliyofuata haikuwa ndogo. Watu walidai pesa zao, na maoni kwenye Steam, duka la mtandaoni la magemu ya kompyuta, yakawa mabaya kupindukia.

Murray na wenzake wakanyamaza, wakafanya kazi. Novemba 2016 ikaja apdeti waliyoiita Foundation, watu wakaanza kujenga makazi. Julai 2018 ikaja NEXT, na hapo ndipo watu walipoweza kusafiri pamoja na kuonana sawasawa. Zote bila kulipia. Zikafuata nyingine, na nyingine. Novemba 2024, kwa jumla ya maoni yote tangu siku ya kwanza, Steam ikalipandisha hadi daraja la "chanya sana". Hesabu mwenyewe: zaidi ya miaka minane ya kutubu.

Nawaheshimu kwa hilo. Ila hadithi yao imependwa mno, na naona imewafundisha wengine somo baya, kwamba unaweza kupakua ugali mbichi, ukaurudisha jikoni wageni wakiwa mezani, na mwisho ukapigiwa makofi kwa kuuivisha. Anayepiga makofi ni yule mgeni aliyebaki mezani. Waliokwisha nawa mikono na kuondoka hawahesabiwi.

Na kuna wale ambao hawakuondoka ila walisahauliwa. Cyberpunk 2077 lilitoka tarehe 10 Desemba 2020, na kwenye PS4 za kawaida hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba Sony wakaliondoa kwenye duka lao wiki moja baadaye. Lilirudi Juni 2021. CD Projekt Red wa Poland wakaomba radhi, wakaanza kushona. Toleo la 1.5 likaja Februari 2022. Septemba 2022 likaja la 1.6, pamoja na katuni ya Netflix, na watu wakaanza kurudi kwa maelfu. Septemba 2023 likaja la 2.0, lililobadilisha hadi namna mhusika anavyokua na polisi wanavyokukimbiza, na wahakiki wakaandika kwamba gemu limezaliwa upya. Ni kweli, limezaliwa upya. Lakini la 2.0 lilikuja kwa PS5, kwa Xbox mpya na kwa kompyuta. PS4 ilikomea kwenye 1.6 kama apdeti yake kubwa ya mwisho. Waliomwagiwa uji wa moto ndio ambao hawakualikwa kwenye pilau.

Huku kwetu ukiingia banda lolote, mashine utakayoikuta ni PS4. Kwa hiyo mtu wa Mtwara akisema Cyberpunk ni bovu, na mtu wa London akisema ni zuri, usikimbilie kumwona wa Mtwara amepitwa na wakati. Muulize kwanza alicheza lile la lini, na juu ya mashine ipi.

Wenye maduka wenyewe waliliona hili. Mei 2016 Steam walianza kutenganisha maoni ya karibuni na maoni ya jumla, kwa sababu gemu la leo si la mwaka juzi. Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki, hawataki: mhakiki akishatoa alama ya kwanza, ndiyo hiyo, hata gemu lije kubadilika kama kinyonga. Zamani niliwaona Metacritic kama wazee wakaidi. Sasa nawaelewa kidogo. Mtu aliyelipa siku ya kwanza alilipia kitu cha siku ya kwanza, na lazima pawe na mahali panapokumbuka alichopewa.

Nirudi kwenye kesi yangu. Baada ya kununa, nikaamua kumthibitishia shemeji kwamba hata likirekebishwa ni takataka. Mwishoni mwa Aprili 2024 nikaanza kuishusha ile apdeti kwa bando la usiku. Simu niliifunga kwa kitambaa kwenye nondo za dirisha la sebuleni, upande wa baharini, ndipo mtandao unapokamata. Saa sita usiku naamka, nawasha, naangalia namba inavyotambaa. GB mbili. GB tatu na nusu. Mke wangu akatoka siku moja kunywa maji, akanikuta nimekaa gizani nakodolea kimstari cha bluu. Akaniuliza, "Unalinda korosho?"

Kisha Mei ikaingia. Tarehe 4 kimbunga Hidaya kikafika pwani yetu, mvua ikanyesha kana kwamba kuna deni, na barabara ya Dar ikakatika upande wa Somanga, Kilwa. Mabasi yakalala njiani na mizigo yake. Tarehe 12 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikapata hitilafu, na nchi nzima intaneti ikawa ya kubahatisha. Ndani ya siku nane tulikatika kwa nchi kavu na kwa chini ya bahari. Nyanya zilipanda bei sokoni. Kimstari changu kikasimama kwenye GB 31.

Ilipofunguka nikamalizia. Na hapo nikajifunza tabia ya PS4 ambayo hakuna aliyenionya: ikishashusha apdeti, inaanza kunakili gemu zima upya ndani yake, na kwa gemu kubwa inataka nafasi karibu mara mbili. Nikafuta magemu matatu. Ikaanza kunakili. Dakika arobaini. Ikafika asilimia 88, umeme ukakatika.

Sitaeleza nilichosema. Watoto walikuwa wameamka.

Juni, rafiki yangu mmoja mwenye funguo za ofisi yenye faiba aliniambia nilete mashine Jumamosi. Nikaiweka PS4 kwenye begi la shule la binti yangu, nikapanda bajaji, nikaikumbatia kama mtoto mgonjwa. Pale ofisini kila kitu kilikwisha kabla hatujamaliza chapati. Nikarudi nyumbani, nikawasha.

Gemu lilikuwa zuri. Niseme tu ukweli. Magari yalikuwa na uzito, mvua ilikuwa inateleza kwenye vioo, watu wa barabarani walikuwa na pa kwenda. Nikafika darajani, na nikagundua kidole changu kimeachia mafuta. Ninafukuzwa, taa za polisi ziko nyuma yangu, nami naendesha kama mzee anayetoka msibani. Daraja likanibeba mpaka ng'ambo. Misheni iliyofuata nikapita tena hapohapo, nikapunguza tena. Nimelimaliza gemu lote, saa arobaini na kitu, na hakuna siku niliyovuka lile daraja kwa mwendo kasi. Kila kitu kizuri nilichokiona nilikiona nikiwa natafuta kilipo kibovu. Shemeji alicheza gemu. Mimi nilifanya ukaguzi.

Julai nilisafiri kwenda Dar. Barabara ilishatengenezwa, basi linatembea. Tulipokaribia Somanga dereva akapunguza, konda akaacha kuongea, abiria wa dirishani wakainua shingo kutazama chini. Lami ilikuwa kavu, jua kali, hakuna hata tone la maji. Nikacheka peke yangu, jirani yangu kwenye kiti akasogea.

Huko Dar tulimaliza ubishi. Shemeji alinikabidhi pedi na tukakaa mpaka adhana ya alfajiri. Nilimwambia nimekubali gemu ni zuri, na yeye akakubali kwamba angelikuwa kwenye nafasi yangu asingelirudia. Kisha akauliza kama nitanunua la pili likitoka. Nikamwambia nitasubiri mwaka mzima kwanza. Yeye ameshaweka pesa.

Kuna upande mwingine ambao mpwa wangu hataki niusahau. Yuko kidato cha tatu, na maisha yake yako kwenye gemu la mpira la simu ambalo kila wiki seva zake zinafungwa kwa matengenezo. Msimu uliopita aliokota korosho, akapata pesa yake, akaitia yote humo kumpata mshambuliaji mmoja. Kwa mwezi na nusu alikuwa mtu wa kuogopwa Shangani nzima. Kisha asubuhi moja apdeti ikaja na akanijia mlangoni hata hajasalimia. "Mjomba, wamemlegeza."

Nikamwambia labda ni yeye amechoka. Akanifungulia. Kweli, yule mshambuliaji alikuwa anageuka kama lori la mchanga. Hakuna aliyemwibia simu, hakuna aliyeingia chumbani kwake, na bado kitu alichokinunua hakikuwa tena kile alichokinunua. Nilikosa jibu. Enzi zetu angekwenda kulalamika kwa Bosi, na Bosi angekuwa na uso.

Walinyang'anywa hata watu wazima wenzangu. Novemba 2014, waliokuwa na GTA San Andreas kwenye Steam walipata apdeti iliyoondoa baadhi ya nyimbo za redio, kwa kuwa leseni zake zilikuwa zimeisha. Gemu la 2004, umeshalilipia, umeshalimaliza, na bado kuna mkono unaingia garini kwako kuzima redio. Bosi ana ile sidii ya PS2 mpaka leo. Ina mikwaruzo, inabidi uipulize, lakini nyimbo zote zimo. Na wale waliokuwa na PES 2021 kwenye simu wanakumbuka Juni 2022, ilipogeuzwa kuwa eFootball, lile gemu ambalo toleo lake la kompyuta na mashine lilianza vibaya Septemba 2021 mpaka Konami wakaomba radhi. Kwenye simu ukitaka kubaki na la zamani, pa kubaki hapakuwepo.

Diski yangu sina tena. Nilipolimaliza gemu nilimpelekea Bosi, bado yupo Magomeni, banda limepata feni. PS4 zake zimechakachuliwa na haziruhusiwi kugusa intaneti hata kidogo, maana zikijisasisha uchakachuaji wote unafutika. Kwa hiyo kila gemu pale limesimama siku lilipoingia. Nilimwonya kuhusu daraja, akanishukuru, akalipachika.

Nimepita wiki iliyopita nikakuta foleni. Vijana kama kumi na wawili wamesongamana kwenye skrini moja, mmoja anaendesha, wengine wanahesabu kwa sauti. Gari likafika katikati ya daraja, likaanza kuzama. "Kumi na nne! Kumi na tano!" Paa likapotea, banda zima likalipuka, aliyekuwa na pedi akarushwa juu. Nikamwambia Bosi kwamba kuna fundi mjini anaweza kuitia ile apdeti kwa diski ya nje bila kugusa intaneti, tundu likazibika. Kabla hajajibu, dogo mmoja wa mbele akageuka.

"Anko, ukiliziba tutashindania nini?"

Bosi akanionyesha ukutani. Karatasi ya Adriano ilishang'oka siku nyingi, imebaki alama ya gundi. Pembeni yake kuna mpya: DARAJANI KILA MTU MARA TATU. MIA TANO. ANAYERUKA NJE YA GARI KABLA HALIJAZAMA HAHESABIWI.